Atachee anaenda Ijumaa, na nyinyi mnataka kumpea kikombe

Wacha niseme hii kitu mapema, ndio wale wa kukasirika wakasirike wakiwa bado na chai mkononi. Kikombe chenye picha ya mtu si zawadi ya kumuaga mwanafunzi wa uhandisi. Saa ya ukutani pia siyo. Na ile fremu ya kioo yenye "Mungu akutangulie" kwa maandishi ya dhahabu, halafu jina lake limekosewa herufi moja, hiyo ndiyo mbaya kabisa.

Naongea juu msimu umefika. Atachi zinaisha, na kila ofisi na kila karakana hapa Kitale mpaka Bungoma iko na grupu ya WhatsApp penye mtu ameanzisha mchango. Wiki iliyopita msee mmoja anafanya kazi mahali wanarekebisha mota na pampu za maji aliniandikia. Wako na msichana wa uhandisi wa umeme, miezi yake mitatu imeisha. Wamechanga watu 12, mia mbili mbili, wako na 2,400. Swali lake lilikuwa fupi: "Mkuu, kikombe ama saa?"

Nikamuuliza, huyu dada hiyo miezi yote alikuwa anafanya nini hapo? Akasema alikuwa anasaidia kusuka koili za mota zilizoungua, anapima, anaandika kazi zikiingia na zikitoka, akitumwa spea anaenda. Nikamuuliza kama alikuwa analipwa. Akanitumia zile emoji tano za kucheka.

Sasa fikiria hiyo hesabu. Mtu amewafanyia kazi wiki 12 bila shilingi, halafu mnamrudishia sura yake kwa kikombe.

Kwa wale hawajui venye hii kitu inaenda: atachi si kazi ya kuomba kama unataka, ni sehemu ya kozi. Bila hiyo humalizi. Mwanafunzi anaitafuta mwenyewe, anazunguka na bahasha ya kaki kutoka lango hadi lango, na barua ya chuo na karatasi ya bima ndani. Akibahatika kupata, hiyo bima ni yeye amelipa, keja ni yeye analipa, nauli ni yeye, chakula cha mchana ni yeye, na karo ya chuo bado inamngoja hapo kando. Kuna waajiri wanatoa kitu kidogo cha chakula, na Mungu awabariki. Wengi hawatoi.

Na huku kwetu nafasi zenyewe ni za kutafuta na tochi. Watu wa Webuye watakuambia venye Panpaper ilikuwa inameza vijana wa ufundi kila mwaka, mpaka ikafungwa 2009. Ilifufuliwa baadaye na mmiliki mwingine, lakini kizazi kizima kilikuwa kishajifunza kupanda gari kwenda kutafuta atachi Eldoret ama Nairobi kwa mtu wa ukoo. Kwa hivyo ukiona mwanafunzi amepata mahali hapa Saboti, jua alipigania.

Serikali yenyewe inajua mafunzo kazini yana gharama. NITA, ile mamlaka ya mafunzo ya viwandani, inatoza waajiri shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa kazi hiyo, na mwajiri aliyelipa anaweza kudai arudishiwe gharama fulani za kufundisha. Sasa nauliza tu, hapo kwenu bosi ashawahi kudai? Ama anasema tu kwamba hakuna bajeti ya atachee?

Najua kuna mtu sai anaandika, "wewe uliacha chuo, unajua nini kuhusu wahandisi." Ndio, niliacha mwaka wa pili, na mnajua sababu ilikuwa karo, nimeiongea hapa mpaka mkachoka. Sikufika hatua ya atachi. Lakini mjomba wangu ni fundi wa stima miaka mingi, nimebeba ngazi yake tangu niko darasa la sita, na nusu ya video zangu nimezipigia jua kali nikiongea na mafundi. Vitu vya kazi navijua kwa kuvishika.

Sasa tuongee zawadi yenyewe.

Mtu wa uhandisi unampea kitu cha kufanyia kazi. Hiyo ndiyo rahisi. Penye watu wanakosea ni kununua kitu cha kazi cha bei ya chini kabisa, na hapo kikombe kinakuwa afadhali, juu kikombe hakiui mtu.

Chukua maltimita. Kila mtu akiskia "mwanafunzi wa umeme" anakimbilia ile ya njano ndogo ya bei ya supu na chapati. Kwa betri za redio na saketi ndogo za darasani, sawa. Lakini huyu mtu anaenda kufungua paneli za mota za fezi tatu, 415 volti. Kando ya tundu za kuingiza waya za kupimia, maltimita ya maana huwa imeandikwa CAT na namba. CAT II ni ya vitu unachomeka kwa soketi. CAT III ni ya paneli, mota na waya zilizojengwa kwa nyumba. CAT IV ni ya huko nje, penye stima inaingilia kutoka kwa laini. Maana yake ni kwamba hiyo mashine inaweza kustahimili ule mruko wa ghafla wa volteji unaokuja mota kubwa ikizimwa ama radi ikipiga laini. Na huku Elgon radi si hadithi, mnajua wenyewe. Ile ya bei ya chapati mara nyingi ndani iko na kifyuzi kidogo cha kioo, ama hata haina kwa upande mmoja, na mruko ukija inapasukia mkononi. Mjomba anaweka moja iliyoungua kwa dirisha la duka lake, nusu imeyeyuka. Haiuzi. Imekaa tu hapo ndio vijana waione.

Na uandishi pekee hautoshi, juu feki nazo zinajua kuandika CAT III. Ishike. Iko na uzito? Waya zake ni nene na laini, ama ni ngumu kama za antena? Uliza muuzaji akufungulie uone kifyuzi. Akikataa, toka.

Kama 2,400 haifikishi maltimita nzuri, usinunue mbaya ukijipa moyo. Nunua kitu kidogo lakini halisi. Bisibisi mbili tatu za umeme zenye alama ya 1000V kwa mpini, za kampuni inayojulikana. Plaisi moja nzuri. Kwa mtu wa mekanika, kalipa ya vania ya chuma, si ya plastiki, atapima nayo shafti na beringi mpaka awe na wajukuu. Kwa mtu wa sivili, tepu ya mita tano yenye haikatiki ulimi wiki ya pili. Kwa yeyote bado yuko na mitihani, kalkuleta halisi ya sayansi, ile chuo chake kinaruhusu. Umuulize kwanza, juu vyuo vingine havitaki ile inapiga grafu.

Ukitaka kuandika jina lake, wachongaji wa jua kali watakufanyia vizuri sana. Ila wachonge kwa chuma, wasiguse ile plastiki ya mpini ya 1000V. Ukiikwaruza hiyo plastiki umeharibu kitu kilichokuwa kinamtenganisha na stima. Nimeona zawadi ya kuaga, jina limechongwa kwa mpini, fonti safi kabisa, na chombo hakifai tena kazi.

Buti za usalama ni wazo zuri sana, na hapa naongea na wanaume wa karakana. Msikadirie saizi. Msichana anavaa namba nne ama tano, na nyinyi mmemnunulia nane "ataweka soksi mbili." Miezi mitatu amevaa buti za kuazima zinamtoka kwa ngazi, na zawadi yake ya kuaga inakuwa jozi nyingine ya hizo hizo. Namba ndogo za buti za kazi ni ngumu kupata hapa mjini, lazima uagize mapema, kwa hivyo kama mnataka buti muanze wiki mbili kabla. Halafu helmeti: ndani ya ule ukingo kuna duara dogo lenye mshale, hiyo ni tarehe ya kutengenezwa. Plastiki inazeeka kwa jua. Helmeti imekaa juu ya kabati ya stoo miaka tisa, mkaipangusa vumbi na kuifunga riboni, hiyo ni takataka yenye riboni.

Na tafadhali, kitu cha stoo ya kampuni si zawadi. Bosi akisema "chukua hiyo drili, ni yako," na hakuna karatasi, mlinzi langoni hajui kama ni zawadi. Nani atashikwa hapo, ni bosi ama ni atachee?

Sasa nifike kwa ile zawadi ya bure, yenye wengi wenu hamtoi juu haifungwi na karatasi ya kung'aa.

Mwanafunzi ako na logbuku. Kila siku anaandika amefanya nini, kila wiki msimamizi anafaa kusoma, aandike maoni, aweke sahihi. Venye inafanyika kwa ukweli mnajua. Siku ya mwisho msimamizi anapewa kitabu, anaweka sahihi wiki zote 12 kwa kalamu moja na kwa dakika nne, na kila mahali anaandika "kazi nzuri." Lekicha akija kutathmini anaona hiyo na anajua hakuna aliyesoma. Alama zinaenda chini, na hakuna kosa la mwanafunzi hapo.

Kama unataka kumpea atachee kitu kikubwa, kaa chini na hicho kitabu saa moja. Soma. Andika wiki ya tano alipima insuleshoni ya mota fulani akapata tatizo penye wewe ulikuwa umepita. Andika penye alikuwa dhaifu pia, na venye alirekebisha. Hiyo kalamu inakugharimu nini?

Halafu barua. Si ile "kwa yeyote anayehusika, tunathibitisha alikuwa nasi, ni mtu mwenye nidhamu." Nidhamu hata mbuzi aliyefungwa anayo. Barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mashine alizoshika kwa majina, kazi alizofanya akisimamiwa na kazi aliachiwa peke yake, jina la msimamizi, cheo, namba ya simu inayoshikwa. Iwe na letahedi na muhuri, kampuni ikiwa nayo. Na uichape. Mwandiko wako wa daktari usimfuate huko duniani.

Hii barua ina uzito kuliko mnavyofikiria. Huyu akimaliza diploma ataenda kujiandikisha na KETRB, ile bodi ya mafundi sanifu na watekinolojia iliyoundwa na sheria ya 2016. Akiwa wa digrii ataenda EBK, bodi ya wahandisi ya sheria ya 2011, anaanza kama mhitimu, na lazima afanye kazi ya uhandisi angalau miaka mitatu kabla aitwe mhandisi kamili na hiyo "Eng." mbele ya jina. Miaka mitatu ya kazi inaanza na kazi ya kwanza, na kazi ya kwanza inataka uzoefu, na uzoefu wake wote kwa dunia hii ni hizo wiki 12 kwenu. Mkimpa karatasi tupu mmezifuta.

Kuna kitu cha Kanada nakipenda sana, ingawa mimi si mtu wa kushangilia za wazungu. Tangu 1925 wahandisi wao wakikaribia kumaliza chuo wanafanyiwa sherehe, wanavishwa pete ya chuma kwa kidole kidogo cha mkono wanaoandikia. Si dhahabu, ni chuma ama stili. Watu husema pete za kwanza zilitoka kwa chuma cha daraja la Quebec lililoanguka 1907 na kuua watu 75. Hiyo si kweli, lakini unaona kwa nini wanaipenda hiyo hadithi. Ukikaa kuchora mpango, pete inakugusana na karatasi. Kila laini unachora, unaskia chuma.

Na sisi tuko na daraja letu. Mto Nzoia unaanzia huku juu kwetu, Elgon na Cherangani, unashuka mpaka Budalang'i. Huko chini Juni 2017 daraja la Sigiri liliporomoka hata kabla halijamalizika, na wafanyakazi wakaumia. Maji yaliyopita chini ya hicho chuma ni haya haya tunaona hapa. Kwa hivyo mtu akiniambia zawadi ya mhandisi kijana ni kitu kidogo tu cha kufurahisha, nashindwa kucheka. Huyu ndiye atakuja kupima stima ya wadi ya wazazi, na mimi naogopa kidogo akitoka kwenu akiwa amejifunza kwamba sahihi ni kitu unaweka mara 12 bila kusoma.

Kuna wale wananiambia "zawadi ni moyo, usiangalie kitu." Sawa. Lakini angalia kwetu. Ukienda kumtembelea kukhu upande wa Chwele, ukitoka hakupei picha ya kuku. Anakupea kuku, amefungwa miguu, anakupigia kelele kwa matatu mpaka nyumbani, na ukiwa na akili humchinji, unamweka atage. Ama unapakiwa mahindi debe moja na ndizi juu. Huo ndio moyo tulilelewa nao, unampa mtu kitu kinaendelea kufanya kazi akishafika kwake. Na kusema ukweli, kama karakana yenu iko Saboti na mwanafunzi anarudi chuo Nairobi, debe mbili za mahindi ama gunia ndogo ya maharagwe itamsaidia muhula ujao kuliko chochote kwa duka la zawadi. Hakuna aibu hapo. Bei ya unga Nairobi si mnaijua.

Kuna jambo moja silipendi kuongea lakini lazima. Zawadi ya kuaga isitolewe na mtu mmoja, jioni, kando. Wasichana wameniandikia hizi hadithi nyingi sana, simtaji mtu wala mahali. Msimamizi anasema "zawadi yako iko, lakini tukutane mahali tuongee kwanza," na logbuku bado haijawekwa sahihi. Hapo hakuna zawadi. Kuna mtu ameshikilia cheti cha mwenzake mateka, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ina kifungu cha unyanyasaji wa kingono wa mtu mwenye mamlaka, kwa hivyo usidhani ni mambo ya mtaa tu. Kama mko na atachee msichana, hakikisheni sahihi na barua zinatoka kabla ya siku ya zawadi, mchana, mbele ya watu. Na kama wewe ndiye atachee na hiyo kitu inakupata, weka zile meseji, mwambie lekicha wako na mtu mmoja wa nyumbani siku hiyo hiyo.

Yule msee wa karakana nilimwambia yote haya, lakini fupi. Akaniuliza, "Na keki?" Keki ni sawa bana, keki ile ndogo, mkishamaliza kununua ya maana. Sijawahi kusema watu wasikule.

La mwisho ni la siku yenyewe. Mpeeni Alhamisi, ama Ijumaa asubuhi. Kama ni maltimita, aitoe hapo hapo apime soketi ya ukutani mbele yenu, kama iko na shida mnairudisha dukani bado yuko. Kama ni buti, avae, na risiti muiweke kwa sanduku. Hotuba iwe moja, ya mtu aliyefanya naye kazi, si ya meneja ambaye hajui jina lake la pili. Na mkimaliza mumwachilie, juu akikosa gari ya saa tisa hapo steji, ya saa kumi na moja nauli inapanda na anafika kwao usiku na huo mzigo wote.